Kanuni ya Doti

Nchi ninayoisimulia haiko mbali, ila usiulize njia, maana kila utakayemuuliza atakwambia yeye si msemaji. Wimbo wake wa taifa una beti nyingi kuliko barabara zake, ina waziri wa kila kitu, na ina mtaa mmoja unaoitwa Makoroboi. Huko Makoroboi ndiko ninakokaa na mwanangu Tunu, ambaye wakati haya yanatokea alikuwa ndiyo kwanza anaota meno ya chini na kumchekea kila aliyepita.

Serikali ya nchi hiyo inatupenda sana watu wa Makoroboi. Haijawahi kutuacha tukapumzika. Ilituletea choo cha kisasa. Kikakosa maji, kikageuzwa ofisi ya mtendaji wa mtaa. Ikatuletea bomba, nalo likakosa maji, kikaundwa kikosi cha kulilinda lisiibwe. Zikaja taa za barabarani. Barabara yenyewe haikuwapo, basi taa zikasimikwa pale ambapo barabara ingepita kama ingekuwapo, na nguzo moja imesimama jikoni kwa Mzee Lugendo mpaka leo. Haiwaki, lakini mzee anatundikia shati.

Asubuhi moja likapita gari la matangazo.

"Ndugu wananchi! Zamani Serikali ilikuwa ikiangalia maskini wamekosa nini. Fikra hizo zimepitwa na wakati! Kuanzia leo itaangalia wana nini! Baada ya utafiti wa muda mrefu, imegundulika kwamba maskini wana vitu!"

Jirani yangu Sikudhani alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Aliposikia hivyo aliutupa ufagio, akaingiza kuku wake ndani.

"Sikudhani, nawe! Wamesema wanakuja kutuimarisha," nikamwambia.

"Hata jogoo huimarishwa, Mama Tunu. Sikukuu ikikaribia."

Mimi nilifurahi. Nasema kweli. Nilimrusha Tunu juu nikamdaka, nikamwambia, mwanangu, safari hii wanakuja kutuuliza.

*

Kazi hiyo ilipewa wizara mpya, Wizara ya Kuimarisha Yaliyo Imara, chini ya Mheshimiwa Vumilieni, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mipango Iliyosimama na aliifanya kazi hiyo bila kuyumba. Wizara ikamtuma kwetu mtaalamu, Bwana Lwitiko, kijana mwenye sauti ya upole na viatu vyeupe. Akatukusanya kwenye uwanja wa mpira.

"Ndugu zangu, nimekuja kujifunza kutoka kwenu. Nguvu yenu ni nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo, na wengine walidhani ni la kipolisi. Mwishowe Mzee Lugendo akasimama.

"Mtaalamu, ule mfereji wa maji machafu umeziba, na mvua ikinyesha..."

"Huo ni upungufu, mzee wangu. Upungufu umefutwa. Taja nguvu."

"Nimeelewa. Sasa mfereji ukiziba, maji yanaingia ndani, watoto wana..."

"Mzee! Sera hairuhusu."

"Basi andika hivi," Sikudhani akadakia kutoka nyuma. "Mfereji wetu una harufu yenye nguvu."

Watu wakacheka. Bwana Lwitiko hakucheka, aliandika. Alipomaliza kuandika akarudi nyuma hatua moja kutupiga picha ya pamoja, akaingia mferejini mpaka gotini.

Tulimvuta. Akasema, huku akikung'uta tope, kwamba ile ilikuwa fursa. Nasi kwa kuwa ni watu wenye adabu tukampeleka uani kwa Bi Kidawa akaoshe mguu, maana hapo ndipo palipokuwa karibu. Laiti tungempeleka kwingine.

*

Uani kwa Bi Kidawa ndiko watoto wa Makoroboi walikoshinda. Bi Kidawa ana ua mpana aliouachiwa na marehemu mumewe, na sisi kina mama tulikuwa na zamu: asiye na kibarua siku hiyo anabaki na watoto wa wenzake, anawakorogea uji, anawapangusa makamasi, anawaamulia ugomvi. Wengine tunakwenda kuhangaika. Mimi nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja ng'ambo ya reli, na bosi wangu alishaniambia siku akiona mtoto mgongoni kwangu, nisirudi. Ua ule ukifungwa leo, kesho mimi sina kazi. Ndivyo maisha yangu yalivyokuwa yameshikizwa, kwa kamba ya kuanikia ya Bi Kidawa.

Bwana Lwitiko akawa anaoshwa mguu, macho yake yakapanda kwenye kamba hiyo. Ilikuwa imejaa kanga za kila rangi.

"Leo ni siku ya kufua?"

"Siyo za kufua, baba," akasema Sikudhani, ambaye zamu ilikuwa yake. "Kila moja hapo ni mtoto."

"Mtoto?"

"Kanga si zinauzwa doti? Vipande viwili pacha. Mama akileta mwanawe asubuhi, anaacha kipande kimoja, kingine anajifunga anakwenda nacho. Mtoto akilala tunamlaza juu ya kipande cha mama yake, akiamka analia tunamfunika hicho hicho, anasikia harufu ya mama, anatulia. Jioni anayekuja kumchukua, awe mama, awe bibi, awe jirani katumwa, sharti aje na pacha yake. Huna kipande, huna mtoto."

"Na mtu akikosea?"

"Atakoseaje? Yangu mimi imeandikwa *Ulitaka nilie, ninacheka*. Ya Mama Tunu ni ile ya zambarau, *Changu hakihitaji tarumbeta*. Alikuja baba mmoja hapa kalewa, anadai mwanawe. Tukamwambia lete kipande. Akarudi na pazia."

Bwana Lwitiko akatoa kitambaa akafuta macho. Hakika alilia. Alisema amesoma nchi za mbali miaka mingi kuhusu jambo hilo na hajawahi kuliona likipumua. Akanyanyua mikono, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya beseni.

"Hii ndiyo nguvu! Hii tutaiimarisha!"

Nilipiga vigelegele. Sikudhani alikwenda kuhakikisha kuku wamefungiwa.

*

Uimarishaji ulianza kwa uzio, kwa sababu nguvu isiyo na uzio huvuja. Likafuata lango la chuma. Likafuata bango kubwa kuliko nyumba ya Bi Kidawa, likasimamishwa mbele ya nyumba ya Bi Kidawa. Bi Kidawa mwenyewe akateuliwa kuwa Mlezi wa Heshima wa Kituo, akavishwa utepe, na kwa kuwa chumba chake kilihitajika kuwa ofisi, akapelekwa kuishi kwa dada yake akiwa na utepe wake.

Ikaundwa Bodi ya Nguvu za Makoroboi. Ili kuepusha upendeleo, hakuna mjumbe hata mmoja aliyetoka Makoroboi. Mwenyekiti alikuwa Balozi mstaafu, mzee mwenye fimbo, aliyetuita "wenyeji" kwa upendo mkubwa. Zamu zetu zikaendelea, ila mwenye zamu sasa aliitwa Msaidizi wa Muda, na lango likapewa Afande, askari mrefu asiyecheka, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine kwa sifa moja tu: hakumjua mtu.

Kisha Bwana Lwitiko akatusomea Kanuni ya Doti.

"Ibara ya kwanza. Mtoto atakabidhiwa kwa mtu yeyote mwenye kipande pacha. Ibara ya pili. Mtoto hatakuwa mikononi mwa mtu asiye na kipande pacha, hata kama mtu huyo ni mama yake, na hata akiwa na cheo. Ibara ya tatu. Mtoto akishakabidhiwa na kutoka langoni, harudi ndani mpaka asubuhi inayofuata."

Jamani, tulipiga makofi. Hebu fikirieni: sheria imetoka mjini, imepita juu ya mfereji, imetutazama, imeandika ilichokiona. Hata mwendo wa kuacha kipande na kuchukua kipande waliuandika vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza kuusema. Nilikwenda nayo kichwani mpaka hotelini, nikawa nafua mashuka huku nikirudia: *hata kama mtu huyo ni mama yake*. Ilinipendeza. Niliona ni ukali wa kumlinda Tunu.

*

Siku ya uzinduzi tuliamriwa kufika mapema. Bwana Lwitiko alikuwa langoni na marobota ya kanga mpya.

"Zawadi ya Mheshimiwa! Kila mama doti moja, bure! Zile za zamani mnaziacha hapa, zinakwenda mji mkuu kwenye Maonyesho ya Nguvu za Wanyonge. Taifa zima litaziona!"

Neno "bure" kwetu halijadiliwi. Nikafungua yangu. Ilikuwa ya kijani, katikati uso wa Mheshimiwa Vumilieni akitabasamu ndani ya duara, na chini yake maandishi: *Nguvu yetu ni sisi wenyewe, asante Mheshimiwa*.

Sikudhani akafungua ya kwake. Akatazama yangu. Akatazama ya Mama Havijawa, muuza mihogo, aliyekuwa nyuma yangu.

"Bwana mtaalamu, zote ziko hivi?"

"Zote."

"Hakuna hata yenye pindo jekundu?"

"Usiwe na wasiwasi, mama, hakuna aliyependelewa."

"Siulizi upendeleo. Nauliza jioni."

"Jioni kutakuwa na soda."

"Bwana wee! Jioni mtoto atajulikanaje ni wa nani?"

Bwana Lwitiko akacheka kwa upole. "Ina maana hamuwajui watoto wenu?"

"Sisi tunawajua. Asiyewajua ni Afande wako, na lango umempa yeye."

"Mama," akasema, sasa akishusha sauti kama mtu anayemwonya mgonjwa, "huo unaousema ni upungufu."

Sikudhani akaikunja kanga yake, akaingia kwa watoto. Kutaja upungufu siku ya uzinduzi kulikuwa na adhabu yake, na zamu ya siku ile ilikuwa yake. Nani angebaki na watoto? Zile kanga zetu, zilizolainishwa na miaka ya kufuliwa na kubebea, zikatupwa ndani ya gari. Niliiona ya zambarau ikipotea chini ya nyingine. Nikaacha kipande cha kijani, nikajifunga cha kijani, nikakimbilia kazini.

Sikudhani alinisimulia baadaye kwamba watoto hawakulala siku ile. Kanga mpya zilikuwa na dawa ya kiwandani, ngumu kama karatasi, zinanuka duka. Mtoto akilia akifunikwa, analia zaidi. Mpaka adhuhuri wageni waheshimiwa walikuwa wameomba kuhamishiwa hema lao mbali na nguvu.

*

Mheshimiwa alikuwa aje asubuhi. Alifika jua likianza kulegea, wakati sisi tunarudi kutoka vibaruani, tukasimamishwa nje ya uzio kusikiliza. Ndani, jukwaani, alivikwa kanga ya kijani begani, uso juu ya uso.

"Ndugu zangu wa Makoroboi! Watu huniuliza, Vumilieni, utawapa nini maskini? Nawajibu: siwapi kitu! Kuwapa kitu ni kuwadharau! Nimewakuta na nguvu, nitawaacha na nguvu! Nimewakuta na subira, nitawaacha na subira! Nimewakuta na mfereji..."

Bwana Lwitiko akakohoa. Mheshimiwa akageuza ukurasa.

Akakata utepe. Halafu akataka mtoto wa kupiga naye picha. Wengine wote walikuwa wakilia, ila mmoja, mnene, mwenye meno mawili, alimnyooshea mikono akitaka medali yake. Watu wakasema, "Oooh!" Alikuwa Tunu wangu. Nilijisikia fahari, sitaficha. Nikamwambia Mama Havijawa, "Mwone mwanangu kwenye mikono ya Serikali."

"Sasa," akatangaza Bwana Lwitiko, "Mheshimiwa atashuhudia Kanuni ya Doti ikifanya kazi!"

Mama Havijawa alikuwa wa kwanza langoni. Akaonyesha kipande chake. Afande akakitazama, akageuka, akanyanyua mtoto aliyekuwa karibu.

"Huyu siye, Afande. Wangu wa kike."

"Kipande kinafanana, hakifanani?"

"Kinafanana, lakini..."

"Basi ni wako. Anayefuata!"

Sisi ni watu wa Makoroboi, hatukugombana. Kila mmoja alipokea aliyepewa, akatoka naye mpaka penye nguzo ya taa, tukawa tunabadilishana. "Shika wako, nipe wangu." "Huyu wa Mama Riziki, mpelekee." "Jamani, nani kaacha huyu mwenye kikohozi?" "Wa kwangu huyo, mlete, na kikohozi chake." Tulikuwa tunacheka. Ilikwenda upesi kuliko siku zote. Karibu kila mtoto alikuwa ameshafika kwao pale Mwenyekiti wa Bodi alipouchungulia umati wetu, akashtuka.

"Hawa wenyeji wanafanya nini? Wanabadilishana watoto?"

Bwana Lwitiko akaruka na kipaza sauti. "Ni marufuku! Kupeana mtoto nje ya lango ni kosa kuanzia sasa hivi! Waandishi wako hapa!"

Tukaacha. Aliyekuwa bado hajakabidhiwa alikuwa mmoja tu, na mama yake alikuwa mwisho wa foleni. Mama huyo ni mimi.

*

Wapiga picha walitaka picha moja ya Mheshimiwa akitoka langoni na mtoto. Akatoka. Afande akamsimamisha, akakitazama kipande begani kwake.

"Kinafanana," akasema, akapiga saluti. "Amekabidhiwa." Akafunga lango.

Mheshimiwa akacheka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea Tunu. "Haya, mama, shika mwanao."

Nikanyoosha mikono. Bwana Lwitiko akapita katikati yetu.

"Samahani, Mheshimiwa. Tumetangaza sasa hivi kwamba ni kosa."

"Basi mrudisheni ndani akabidhiwe upya."

"Ibara ya tatu, mkuu," Afande akasema nyuma ya lango. "Mpaka kesho asubuhi."

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Sahihi ni yako, mkuu."

Bodi ikaitishwa pale pale. Wajumbe wakaketi kwenye mikeka ya watoto iliyotolewa nje, magoti yakigusa masikio. Tunu naye akachoka na medali. Kwanza akanung'unika, halafu akaniona, halafu akalia kile kilio ambacho mama akikisikia mwili haumsikilizi tena. Maziwa yakanitoka, yakaulowesha uso wa Waziri uliokuwa kifuani pangu.

"Naomba nimnyonyeshe," nikasema. "Tangu asubuhi hajanyonya. Nitamrudisha."

Bodi ikanong'onezana. Mwenyekiti akasimama kwa fimbo yake.

"Ombi limekubaliwa, kwa moyo wa huruma. Mtoto anaweza kunyonya, mradi asitoke mikononi mwa aliyekabidhiwa."

Nikamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akanitazama, akatazama kifua changu, akatazama mbinguni. Kwenye gari jeusi kioo kikateremka, na mke wake akatoa kichwa.

"Baba Jeni! Nini kinaendelea huko?"

"Ni utaratibu, mke wangu!"

"Utaratibu wa kunyonyesha? Vua hiyo kanga, uje garini sasa hivi!"

Akaivua kama inamuunguza, akamtupia dereva. Hapo Sikudhani, aliyekuwa ameegemea lango kwa nje tangu lilipofungwa, akanyanyua kidole.

"Ibara ya pili, Mwenyekiti. Mtoto hatakuwa mikononi mwa mtu asiye na kipande pacha, hata akiwa na cheo. Kipande anacho dereva, mtoto anaye Waziri."

Bodi ikatazama. Ilikuwa kweli. Mwenyekiti akafuta jasho.

"Sawa. Mtoto akabidhiwe mwenye kipande pacha." Nikapiga hatua. "Lakini," akaendelea, fimbo ikanizuia, "mwenye kipande hapa ni nani? Wote wanavyo! Kila mwanamke mtaani humu ana haki sawa na mtoto huyu. Hili si jambo la kukurupuka. Naunda tume. Wakati tume inafanya kazi, mtoto atatunzwa mji mkuu, kwa gharama ya Serikali."

"Mji mkuu?" nikasema. "Mtoto wangu? Mbele ya watu wote hawa wanaonijua?"

"Kukujua siyo kipande, mama."

Dereva akafungua mlango wa nyuma wa gari. Tunu analia, mkono ninauona, vidole vyote vitano vinaniita. Na mimi, niliyeipigia makofi sheria ile mpaka viganja vikaniwasha, sikuwa na ibara hata moja ya kumjibu.

Ndipo nikasikia kishindo kidogo cha nguo. Sikudhani alikuwa amefungua kanga yake, ameitupa chini, matopeni.

"Mimi sina kipande," akasema.

Mama Havijawa akamtazama. Akafungua fundo lake. "Hata mimi sina."

"Wala mimi."

"Yangu hiyo hapo chini. Sina."

Zikawa zinadondoka. Uso wa Waziri ukaanguka matopeni, ukaanguka tena, ukaanguka tena, unatabasamu kila mara. Wanawake wakabaki na magauni yao ya kushindia, mengine yamepasuka, mikono kiunoni. Mama Riziki aliyekuwa ameshafika nyumbani alirudi mbio kuja kutupa yake.

Dereva naye, sijui kwa nini, akaiachia ile ya Mheshimiwa. Labda kwao kuna mtoto.

"Hesabu sasa, Bwana mtaalamu," Sikudhani akasema. "Nani ana kipande?"

Bwana Lwitiko akazunguka umati wote kwa macho. Akaja kwangu, mimi peke yangu niliyekuwa bado nimejifunga yangu. Alikuwa amepauka.

"Kinafanana," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikamchukua mwanangu.

*

Kuangusha uso wa Waziri ni kosa kubwa katika nchi hiyo. Polisi walikuja kesho yake, wakakuta lundo la kanga, wakataka kujua ipi ilikuwa ya nani ili wenyewe wakamatwe. Wakashindwa. Zilikuwa zinafanana.

Hivyo tukaadhibiwa kwa ripoti. Ilisomwa bungeni. Ilisema kwamba uchunguzi wa kina umebaini Makoroboi hakuna nguvu yoyote, kwamba wakazi wake ni wanawake wanaobadilishana watoto hadharani na kuvua nguo mbele ya viongozi, na kwamba Kituo kifungwe ili nguvu isizidi kupungua. Kikafungwa. Afande bado yupo, analinda ua mtupu, na sasa amefuga bata. Bi Kidawa yuko kwa dada yake na utepe. Mheshimiwa Vumilieni alikwenda ng'ambo kupokea nishani kwa kazi yake Makoroboi. Kanga zetu za zamani ziko mji mkuu ndani ya vioo, na aliyekwenda kuziona anasema wameziandika vibaya: ya Sikudhani wameiita kitambaa cha maombolezo.

Nawaambia mambo haya kama utani, lakini kuna siku nikisimama mbele ya lile lango hasira inanipanda mpaka nasikia masikio yanapiga. Hatukuomba kitu. Hata mfereji tuliacha kuutaja. Walikuja wakatuuliza tuna nini, tukawaonyesha.

Asubuhi baada ya kufungwa Kituo nilikuwa nimekaa kitandani na Tunu mapajani, najua mashuka yananingoja ng'ambo ya reli, najua sitakwenda. Mlango ukagongwa. Sikudhani.

"Lete mtoto."

"Nikupe na kipande gani? Kanga yangu iko mji mkuu."

"Kipande cha nini, wewe Mama Tunu? Simjui Tunu mimi?" Akamnyakua, akamweka kiunoni. "Nenda kazini. Wengine wako kwangu, chumbani. Pita nyuma, usipige kelele."

Nikaenda. Naenda hivyo mpaka leo.

Juzi, nikiwa narudi kumchukua, nilikuta mtaalamu mpya amesimama mbele ya mlango wa Sikudhani. Safari hii mwanamke, mpole, ameinama kidogo kama mtu anayeomba maji. Kina mama walikuwa wamekaa barazani wamebanana, wameuziba mlango kwa migongo yao.

"Dada zangu," alikuwa anasema, "makosa yalifanyika. Sera imeboreshwa. Nimekuja kusikiliza tu. Nguvu yenu ni nini?"

"Hatuna," akasema Mama Havijawa.

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Tumeisha kabisa."

Nyuma ya mlango kitu kikaanguka, halafu watoto wakacheka, wote kwa pamoja, na katikati ya vicheko hivyo nikakisikia cha Tunu. Mtaalamu akainua kichwa. Macho yake yakaangaza, kama yalivyoangaza ya yule wa kwanza.

"Hiyo ni nini?"

Nikajipenyeza, nikakaa kwenye nafasi iliyobaki, mgongo mlangoni.

"Redio, dada," nikasema. "Mbovu. Haizimiki."